Kofia Nyeupe na Mtaro wa Mita Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema! Siku ya maana! Mzee Filimbi anaondoka.

Nieleze vizuri, maana shajara hii iko siku itasomwa na wajukuu. Mzee Filimbi ndiye msimamizi wetu pale mjengoni. Tunamwita hivyo kwa sababu hapendi kusema, anapuliza. Mara moja: njoo. Mara mbili: acha. Mara tatu: acha upuuzi. Mimi napulizwa hizo tatu kuliko wenzangu wote, sijui kwa nini. Leo asubuhi alitukusanya akasema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hii ni wiki yake ya mwisho, goti limegoma, anakwenda kwao kufuga kuku. Kofia yake nyeupe atamvalisha mmoja wetu Jumamosi. Atakayefanya vizuri kwenye mtaro wa kiwanda cha mikate.

Kofia nyeupe! Sisi wengine tunavaa za njano. Nyeupe ni ya mkubwa peke yake.

Wanaostahili ni wawili. Mimi, na fundi mwenzangu Milimita. Huyu Milimita anapima kila kitu mara tatu. Hata chai akiimimina anainama kuangalia usawa wake. Hana maneno, hana haraka, hana mvuto. Simwogopi hata kidogo.

Sasa siri, naiandika humu tu. Mama mkwe anakuja Ijumaa. Na mama mkwe anaamini mimi ni msimamizi tangu mwaka juzi. Nilimwambia mwenyewe kwenye simu. Ilinitoka tu! Aliuliza kazi inaendaje, nikasema vizuri, akanyamaza, ule unyamavu wake, nikajikuta nimeongeza kwamba nimepandishwa cheo. Tangu hapo kila Jumapili nampa habari za watu ninaowaongoza. Wameshafika arobaini. Mjengoni tuko tisa.

Mke wangu anasema nimwambie mama yake ukweli kabla hajafika. Nimemjibu kwamba ukweli uko njiani, unafika Jumamosi umevaa kofia. Akanitazama, akaenda kuanua nguo.

Jumanne, 4 Machi

Kazi yenyewe ni hii. Mwenye kiwanda, tunamwita Bi Mikate, ana ghala la unga, na uwanja wake umeinamia ghala. Mvua za mwaka jana maji yaliingia yakamgeuzia magunia ya unga kuwa kinyunga, bila mtu kukanda. Anataka mtaro mbele ya mlango, mita kumi na mbili, wenye vifuniko vya wavu wa chuma ili matoroli ya mikate yapite juu yake. Mvua ziko jirani. Jumamosi anakuja kumwaga pipa zima la maji yeye mwenyewe aone yanaelekea wapi.

Nimekuja na akili mpya. Milimita bila pimamaji yake ni mtu wa kawaida kama mimi na wewe. Ile pimamaji ndefu ya njano ya kupimia usawa, anayoifuta kwa kitambaa. Kwa hiyo saa mbili asubuhi, alipokwenda kunawa, nikaichukua nikaifukia kwenye lundo la mchanga. Kidogo tu. Nilipanga kuirudisha jioni, mimi si mwizi.

Saa mbili na nusu lori likaja na mchanga mpya. Likaumwaga juu ya mchanga wa zamani. Wote.

Milimita alipoikosa hakupiga hata kelele. Akaenda stoo akarudi na mpira mwembamba unaoonekana ndani, akaujaza maji. Maji ya ncha hii na maji ya ncha ile hukaa usawa mmoja, kwa hiyo unapima uwanja mzima bila chombo kingine. Mzee Filimbi alipouona mpira ule machozi yalimlenga. Akasema ndivyo walivyofanya kazi enzi zao, na kwamba vijana wa leo wanaojua hivyo wamebaki wachache. Akamshika Milimita bega! Mimi hajawahi kunishika bega.

Na nani aliambiwa ashike ncha ya pili? Mimi. Saa tatu nzima nimechuchumaa na mpira, kila nikijikuna maji yanacheza na Milimita anasema tuanze upya. Mara ya nne maji yaliniingia puani.

Wakati wa chakula nilichimba mchanga kwa beleshi, jasho hadi kwenye viatu. Mzee Filimbi alipita, akauliza nafanya nini. Nikasema nachambua kokoto ili zege letu liwe safi. Akafurahi, akaniletea chekeche. Nimechekecha lundo zima hadi saa kumi. Pimamaji imepatikana, nimemwambia Milimita nimeiona kwenye mchanga. Alinishukuru sana, kweli kabisa, na nusu ya mkate wake akanipa.

Sipendi mtu anayemshukuru adui yake. Anakuharibia hamu ya kazi.

Jumatano, 5 Machi

Vipande vya mtaro vimefika. Kumi na viwili, vya plastiki ngumu, kila kimoja mita moja, na nambari ubavuni. Kila kinachofuata kinakwenda chini zaidi kidogo, ndiyo maana maji yanateremka. Milimita amevipanga moja hadi kumi na mbili kwenye handaki, amevuta uzi, amelala kifudifudi kuangalia kama uzi umegusa. Nimemwacha. Huko chini nani ataona? Jumamosi Bi Mikate ataangalia juu. Mama mkwe ataangalia juu. Juu ni vifuniko. Kwa hiyo mimi nimejitolea kushughulikia vifuniko.

Mzee Filimbi amenipa maelekezo marefu, kwake marefu ni maneno ishirini. Vifuniko vyote viwekwe ndani ya mtaro leo, vifungwe kwa nailoni visichafuke, na kesho zege limwagwe pembeni huku vikiwa mlemle. Nikauliza kwa nini tusiviweke baadaye vikiwa safi. Akasema zege lina uzito, linabana, vifuniko ndivyo vinavyozuia kuta za mtaro zisisogeleane. Nikaitikia ndiyo mzee.

Lakini nimefikiri. Plastiki ngumu vile itabanwa na nini? Uji wa saruji? Yule mzee ana mazoea ya kizamani. Na ukifunga chuma kwa nailoni, zege litapenya tu, na Jumamosi mama mkwe ataona vyuma vyenye madoa. Thubutu!

Saa kumi wenzangu walipokwenda kuoga nilifungua nailoni, nikatoa vifuniko vitano, vile vya mbele ya mlango hasa, nambari moja hadi tano. Ndani yake nikaweka maboksi ya mikate yaliyokunjwa vizuri, nikafunga nailoni upya. Ukitazama huwezi kutofautisha. Hata mimi nilichanganyikiwa kidogo.

Vifuniko nimevipeleka nyumbani kwa toroli, nimevipaka rangi ya fedha, nimevitundika kwenye kamba ya nguo. Vinang'aa! Mke wangu aliuliza kama tunachoma nyama. Nilimweleza mpango wote. Akauliza Mzee Filimbi amesemaje. Nikamwambia mambo ya ufundi ni mapana. Akasema haya, lakini niondoe nguo zake kwenye kamba hiyo kwanza. Nilichelewa, blauzi moja sasa ina mistari ya fedha. Imependeza, kwa maoni yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Zege! Hakuna siku tamu mjengoni kama siku ya zege. Watu tisa, makarai yanapita mkono kwa mkono, mashine inaunguruma, watu wanataniana, hakuna anayekumbuka mgongo. Mimi nilikuwa naimbisha. Hata Milimita aliitikia, kwa sauti ndogo lakini aliitikia. Saa saba tulikuwa tumejaza pande zote mbili, tumelainisha kwa mwiko, uwanja umenyooka unapendeza macho. Kwa kweli nilisahau kabisa kwamba tunashindana.

Kitu kimoja tu. Mzee Filimbi alitembea juu ya nailoni kukagua, kutoka nambari kumi na mbili kurudi. Kwenye vile vifuniko saba nilivyoviacha, upande wa Milimita, akapita, ko, ko, ko. Alipofika nambari tatu kiatu chake kikazama kidogo. Akatazama chini, akanitazama mimi. Nikamwambia ni nailoni, nimeifunga mara mbili kwa usalama zaidi. Akaweka filimbi mdomoni. Akaitoa. Akaendelea kutembea.

Naona goti limemsumbua hata kufikiri. Bado siku mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Kimenuka.

Saa moja asubuhi nilifika wa kwanza, vifuniko vyangu kwenye toroli, nimevifunika kwa shuka la kitanda. Nikafungua nailoni. Maboksi yamelowa yote, yamekuwa uji. Nikayachota kwa mkono. Nikachukua kifuniko nambari moja, kinang'aa, nikakiweka mahali pake. Hakiingii. Nikakigeuza. Hakiingii. Nambari mbili hakiingii. Tatu, nne, tano, wapi! Mtaro umebana. Zege limezisukuma kuta ndani kama mzee alivyosema, na sasa limekauka hapohapo.

Nikajiambia nisipaniki, mimi ni mtu wa akili. Niliomba siagi ya kupakia mabati ya mikate, mpishi akanipa kopo zima. Nikapaka vifuniko kingo zote. Nikasimama juu. Nikaruka. Vikaingia nusu, vikagoma hapo, vimetokeza juu kiasi cha upana wa kidole. Nikaruka tena nikateleza kwa siagi, nikakaa chini kwa kishindo. Paka wa kiwanda akaja kulamba nambari nne.

Nikafunika kipande chote kwa turubai. Milimita alishinda mwisho wa mtaro akiunganisha bomba la kutolea maji, alipouliza nikamwambia zege la upande wangu linapumzika. Akasema vizuri. Vifuniko saba vya upande wake aliviinua na kuvirudisha, kila kimoja kinaingia taratibu chenyewe. Inaudhi kusikiliza.

Saa nane mama mkwe amefika. Shikamoo, marahaba, za safari, nzuri, maji ya kunywa. Mimi nimekaa pembeni ya kiti, heshima tele. Akauliza arobaini wangu hawajambo. Nikasema hawajambo. Akauliza yule aliyeanguka kwenye pipa la rangi mwezi uliopita amepona? Nilikuwa nimemsahau, mtu wa watu, nilimtunga haraka Jumapili moja. Nikasema anaendelea vizuri. Mke wangu alikohoa akaingia jikoni. Mama mkwe akasema kesho asubuhi lazima aje kazini kwangu, awaone wote kwa macho yake.

Nimefikiri hadi saa kumi na moja jioni. Kisha nimechukua chokaa iliyobaki ya ukutani, nimeipaka kofia yangu ya njano. Nimepaka mara mbili, nimeianika juani. Nyeupe pee! Ni ya muda tu, mpaka nipewe ile halali. Mzee huwa haji Jumamosi kabla ya saa nne. Mama mkwe nitamleta saa tatu, atazame, aondoke.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee Filimbi alikuja saa tatu kasorobo. Siku ya kumuaga, alitaka kuwahi!

Tuliingia getini mimi mbele, kofia nyeupe, kifua nje, nyuma yangu mama mkwe kwenye vitenge vyake vya shughuli na mke wangu. Na katikati ya uwanja amesimama Mzee Filimbi na kofia nyeupe yake. Kofia mbili nyeupe, mjengo mmoja. Wenzangu wakaacha kupiga soga. Milimita akatazama kofia yangu, akatazama ya mzee, nikaona anapima.

Sikusita. Nikamwambia mama mkwe kwamba yule ni msaidizi wangu, mtu mzima, namwachia avae nyeupe kwa heshima ya umri. Mama mkwe akamwamkia. Mzee Filimbi akaitikia. Filimbi ikapanda mdomoni polepole.

Aliyeniokoa ni Bi Mikate. Alitokea mlangoni na toroli la mikate, juu yake pipa la maji limejaa pomoni. Hataki kusaidiwa, hataki hotuba, anataka kuona maji. Mtu akavuta turubai. Vifuniko vyangu vitano vikang'aa juani, na mama mkwe akasema alaa! Nikajipiga kifua. Nikasimama ng'ambo ya mtaro na kumwonyesha Bi Mikate apitishe toroli hapa, hapa hapa, asiogope.

Hakuogopa. Alikuja kwa kasi. Gurudumu likagonga nambari moja iliyotokeza, toroli likasimama, pipa halikusimama.

Maji yote! Mtaro haukuambulia hata tone, yaliishia kichwani kwangu. Yalikuwa baridi. Nilipofumbua macho nikaona meupe yanatiririka mbele yangu, kwenye kifua, kwenye suruali. Chokaa. Nikaivua kofia nikaiangalia. Njano, safi kuliko siku niliyopewa.

Nikangoja filimbi mara tatu. Badala yake nikasikia mtu anacheka. Si wenzangu, hao walikuwa wamejishika mdomo. Mama mkwe! Alicheka hadi akamshika Mzee Filimbi mkono asianguke. Na mzee akaambukizwa. Kisha ikawa wote, hata Bi Mikate aliyelowa viatu.

Mama mkwe alipopata pumzi alinieleza. Anajua tangu mwaka juzi! Mke wangu alimwambia siku ileile, kabla simu yangu haijapoa. Na kila Jumapili wanawake wa mtaa wake wanakuja kwake na vigoda, anaweka simu sauti ya juu, wananisikiliza. Wanawajua arobaini wangu mmoja mmoja. Yule wa pipa la rangi walimwombea. Amekuja kwa sababu wenzake wamemtuma aone nitafanyaje. Kisha akasema neno ambalo nitalinakili hapa: kwamba hakumpa binti yake kofia, alimpa mtu, na nyumba ile kila akipiga simu anasikia kicheko, na hilo linamtosha. Nilijifuta uso nikajifanya ni maji ya pipa.

Mzee Filimbi akauliza chini ya nailoni palikuwa na nini. Nikasema maboksi. Milimita akapiga magoti, akatoa futi yake, akasema mtaro umebana milimita sita. Bila kebehi, alikuwa anataja tu.

Mzee akamvalisha Milimita kofia.

Iliniuma. Humu siandiki uongo. Iliniuma, maana niliitaka kweli, hata bila mama mkwe ningeitaka. Watu wakapiga makofi na mimi nikapiga. Halafu Milimita akatoa amri yake ya kwanza: mita tano zile zivunjwe, zifanywe upya, kabla mvua haijashuka. Nikajua ananiachia mimi. Akaja na nyundo mbili na tindo mbili, moja akanipa, ya pili akaanza nayo yeye, kofia mpya kichwani. Tulivunja hadi saa kumi. Mama mkwe aliketi juu ya gunia la unga akituamrisha wote wawili, akigawa mikate ya moto aliyopewa na Bi Mikate.

Jumanne, 11 Machi

Mvua!

Jana tulimwaga zege jipya, vifuniko ndani, nailoni juu, nimevifunga mwenyewe na Milimita akavigonga kimoja kimoja. Leo alasiri mbingu zikafunguka. Tisa wote tulijibanza mlangoni mwa ghala na Bi Mikate na mama mkwe, tunatazama maji yanakuja uwanjani kwa kishindo, yanatujia sisi. Bi Mikate alinishika mkono akanifinya hadi damu ikakimbia.

Yakafika kwenye mtaro. Yakaingia. Yote! Yanaanguka kwenye wavu, yanateremka moja, mbili, tatu hadi kumi na mbili, tunayasikia yakibubujika kwenye bomba. Unga mkavu. Sakafu kavu. Bi Mikate akapiga vigelegele, akatoka nje kwenye mvua akacheza, mama mkwe akamfuata, sisi sote tukafuata. Milimita naye alicheza. Hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto, sawasawa kabisa. Nimefurahi mpaka nilimkumbatia, na yeye akaniambia kwamba ile rangi ya fedha imependeza.

Jumapili, 16 Machi

Mama mkwe amerudi kwake salama. Nimekaa nikatafakari wiki mbili hizi, nimejifunza mengi, mimi si mtu yule tena. Kuanzia sasa ni kusikiliza maelekezo na kufanya kazi kwa utulivu.

Kazi ya wiki hii ni ngazi tatu za zege mbele ya ofisi ya Bi Mikate. Tulizimwaga jana. Milimita amesema mbao zilizozishikilia zisiguswe kwa siku saba. Siku saba! Nimepita pale baada ya chakula nikazitazama. Zege limeshakauka, nimeligonga kwa kidole, gumu. Zile mbao zimesimama tu, zinaharibu sura, na kofia nyeupe au si nyeupe, mtu lazima atumie akili yake.

Saa kumi simu iliita. Mama mkwe. Nyuma yake nikasikia vigoda vinaburutwa na mtu anawanyamazisha watoto. Akauliza kazi inaendaje. Nikasema vizuri. Akanyamaza, ule unyamavu wake.

Nimemwambia ngazi zinafunguliwa rasmi kesho asubuhi, na wa kwanza kupanda ni mimi.